Gagarin: Anga Ilimrudisha, Ajali Ikamkuta Karibu na Nyumbani

Ajali, husema wazee wetu, haina kinga wala kafara. Ushahidi wa msemo huo ni maisha ya Yuri Gagarin, rubani wa Kirusi aliyekuwa binadamu wa kwanza kwenda anga za juu. Alifika mahali ambapo hakuna mja aliyepata kufika, akarudi mzima. Miaka saba baadaye alipanda ndege ya mazoezi, kazi aliyoizoea tangu ujana wake, na hakurudi.

Gagarin alizaliwa tarehe 9 Machi, 1934, katika kijiji cha Klushino, magharibi ya Moscow. Baba yake alikuwa seremala na mama yake akikama ng'ombe katika shamba la ushirika. Alipokuwa na umri wa miaka saba Wajerumani walikiteka kijiji chao, wakaitwaa nyumba yao, na jamaa nzima ikahamia katika kibanda cha udongo. Kaka yake na dada yake walichukuliwa kwenda kufanyishwa kazi kwa nguvu, lakini Mwenyezi Mungu alijaalia wakarudi.

Kijana huyo alijifunza kwanza kazi ya kusubu chuma. Alipokuwa chuoni katika mji wa Saratov alijiunga na klabu ya urubani, na tangu hapo moyo wake ukawa angani. Mwaka 1957 alihitimu urubani wa kijeshi, na mwaka huo huo akamwoa Valentina, ambaye alimzalia mabinti wawili. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa marubani 20 walioteuliwa kufunzwa safari za anga za juu.

Siku ya Jumatano, tarehe 12 Aprili, 1961, alirushwa kutoka Baikonur, nchini Kazakhstan, ndani ya chombo kilichoitwa Vostok. Aliizunguka dunia mara moja, na safari nzima ilichukua dakika 108. Wakati wa kurudi, sehemu moja ya chombo ilichelewa kuachana na ile aliyokaa yeye, kikawa kinazunguka kama pia. Hata hivyo alitoka salama, akashuka kwa mwavuli katika mashamba ya jimbo lile lile la Saratov alikojifunzia urubani.

Dunia nzima ilimpokea, kuanzia London hadi Cairo. Ulienea pia uvumi kwamba alisema alikwenda juu asimwone Mungu. Maneno hayo hayamo katika rekodi za mazungumzo yake ya safarini. Ni maneno aliyotiliwa kinywani na wengine.

Lakini sifa nayo ina kifungo chake. Serikali yake ilimwona kuwa hazina isiyofaa kuhatarishwa. Mwezi Aprili, 1967, rafiki yake Vladimir Komarov alikufa chombo chake kilipoanguka akirudi kutoka angani, na Gagarin ndiye aliyekuwa akiba yake katika safari hiyo. Baada ya msiba huo alikatazwa kabisa kwenda anga za juu. Aliomba angalau aachiwe ndege, kwani aliona hawezi kuwaongoza marubani wenzake ikiwa yeye mwenyewe haruki.

Alikubaliwa. Siku ya Jumatano, tarehe 27 Machi, 1968, aliruka pamoja na Vladimir Seryogin, rubani mkongwe wa vita, katika MiG-15 ya viti viwili. Hiyo ni ndege ya kivita iliyoundwa baada ya Vita Kuu vya Pili. Seryogin alikuwa ampime kabla hajaruhusiwa kuruka peke yake. Mawingu yalikuwa mengi. Yapata saa nne na nusu asubuhi Gagarin aliarifu kwamba amemaliza zoezi na anarudi. Kisha kimya. Mabaki ya ndege yalipatikana msituni karibu na kijiji cha Novoselovo, na wote wawili walikuwa wamekufa. Gagarin alikuwa na umri wa miaka 34.

Ripoti ya uchunguzi ilifungiwa kabatini, na penye siri uvumi huzaliana. Wako waliosema alikuwa amelewa, na wako waliosema wakubwa walimwua. Uchunguzi haukuona dalili yoyote ya ulevi. Karatasi zilizotolewa mwaka 2011 zilieleza kuwa yaelekea ndege iligeuzwa ghafla kukwepa puto la kupimia hali ya hewa. Mwaka 2013 mwanaanga Alexei Leonov, aliyeshiriki katika uchunguzi, alieleza kuwa ndege nyingine ya kivita ilipita karibu mno, na upepo wake ukaipindua ile ya Gagarin.

Valentina hakuolewa tena hadi alipofariki mwaka 2020. Mji wa Gzhatsk, alikokulia mumewe baada ya vita, ulipewa jina la Gagarin. Jumatano moja ilimpandisha juu ya watu wote, na Jumatano nyingine ikamrudisha ardhini. Hakuna marefu yasiyo na ncha.