Friedrich Wilhelm, Mfalme Bakhili wa Prussia

Mwanzoni mwa karne ya 18 Prussia ilikuwa nchi ya kuhurumiwa. Vipande vyake vilitawanyika toka mto Rhine hata mipaka ya Wapolandi. Udongo wa Brandenburg ulikuwa mchanga mtupu. Hata cheo cha ufalme kilikuwa kipya, kwani Friedrich wa Kwanza alijivika taji mjini Königsberg mwaka 1701, akatumia fedha kupita uwezo wake ili aonekane mfalme kati ya wafalme. Alipofariki tarehe 25 Februari 1713, alirithiwa na mwanawe Friedrich Wilhelm, kijana wa miaka 24.

Kijana huyu alimzika babaye kwa fahari zote, kisha akaishika hesabu ya nyumba ya mfalme. Watumishi wengi waliachishwa kazi, mishahara ikapunguzwa, farasi na vito vikauzwa. Mwaka 1723 aliweka mambo ya kodi na ya vita chini ya baraza moja, na waziri aliyechelewa kikaoni alitozwa faini.

Fedha hizo zilikwenda wapi? Kwa askari. Alikuta jeshi la watu 38,000 hivi, akaacha zaidi ya 80,000, katika nchi yenye watu milioni 2 na kitu. Ajabu ni kwamba alipigana kidogo sana. Alilipenda jeshi kama bakhili apendavyo sanduku lake. Kulikuwa na kikosi cha majitu mjini Potsdam, watu warefu waliotafutwa kila pembe ya Ulaya, wengine kwa hila na nguvu. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, na mfalme, ingawa alikuwa Mkalvini, aliwapatia padre Mdominiko na mahali pa kusomewa Misa.

Hapa kuna jambo linalotuuma, walakini halina budi kusemwa. Mwaka 1731 Askofu Mkuu Firmian wa Salzburg aliamuru Waprotestanti waihame nchi yake. Maskini wasio na mashamba walipewa siku 8 tu, na baridi ilikuwa imekwisha kuingia. Mfalme wa Prussia akawafungulia mlango. Watu wapatao 20,000 walikwenda kwake, na wengi wao walipewa mashamba huko Prussia ya Mashariki, ambako tauni ya miaka ya 1709 hadi 1711 ilikuwa imemaliza vijiji. Ni kweli alihitaji mikono ya kulima. Lakini wenye njaa walikula, na aliyewafukuza alikuwa mchungaji wa Kanisa letu.

Nyumbani mwake huruma hiyo haikuonekana. Mwanawe mkubwa, Friedrich, alipenda filimbi na vitabu vya Kifaransa. Baba alimpiga mbele ya watu. Mwaka 1730 kijana alijaribu kutoroka kwa msaada wa rafiki yake, luteni Hans Hermann von Katte. Mahakama ya jeshi ilimhukumu Katte kifungo cha maisha. Mfalme akaibadili hukumu iwe kifo. Tarehe 6 Novemba, katika ngome ya Küstrin, Katte alikatwa kichwa, na mwana wa mfalme, mwenye miaka 18, alilazimishwa kusimama dirishani atazame. Tangu siku hiyo mwana alitii. Kama alimpenda babaye, hilo ni jambo jingine.

Mfalme alifariki tarehe 31 Mei 1740, akaacha akiba ya thaler milioni 8. Kabla mwaka haujaisha, yule mpiga filimbi alilichukua jeshi la babaye akaivamia Silesia, jimbo la Maria Theresa wa Austria lenye Wakatoliki wengi. Sehemu kubwa ya Silesia haikurudi tena Austria, na Prussia ikahesabiwa miongoni mwa dola kuu za Ulaya. Ndiyo Prussia iliyounganisha Ujerumani mwaka 1871, na ambayo chini ya Bismarck iliwafunga maaskofu na mapadre. Mataifa washindi wa vita kuu ya pili waliifuta kwa sheria mwaka 1947, tarehe 25 Februari, siku ile ile aliyorithi Friedrich Wilhelm.