Fleming: Mtoto wa mfugaji aliyeionya dunia kuhusu dawa aliyoigundua

Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya korosho na ufuta, lakini kuku wapo karibu kila nyumba. Na kama ilivyo sehemu nyingi nchini, kuku wakianza kuzubaa, wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo, wakachukua unga wa OTC na kuuchanganya kwenye maji. Wengine humwaga tu hata kuku wakiwa wazima, eti kinga.

OTC ni antibayotiki. Mtu aliyefungua njia ya dawa za aina hii, Alexander Fleming, alionya mapema kabisa kwamba zikichezewa zitaisha nguvu.

Kutoka shamba la kondoo

Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881 kwenye shamba la mifugo huko Ayrshire, Scotland. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 7. Akiwa na miaka 13 akaenda London, baadaye akafanya kazi ya ukarani kwenye kampuni ya meli. Urithi kutoka kwa ndugu wa baba yake ndio uliomwezesha kusoma udaktari katika Hospitali ya St Mary's.

Vita Kuu ya Kwanza vilimpeleka Ufaransa. Huko aliona askari wengi wakifa, si kwa risasi yenyewe, bali kwa vidonda vilivyooza. Akarudi maabara akitafuta kitu cha kuua bakteria bila kumdhuru mgonjwa.

Kisahani kilichoota ukungu

Septemba 1928 alirudi kutoka likizo, akakuta kisahani kimoja cha bakteria kimeota ukungu, kama ule unaoota kwenye mkate uliolala. Pembeni ya ukungu ule bakteria walikuwa wamekufa. Dawa aliyoiona humo akaiita penicillin.

Lakini alishindwa kuisafisha iwe dawa ya kutumika. Kazi hiyo ilifanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao. Mwaka 1941 walimtibu polisi mmoja aliyekuwa hoi. Akapata nafuu, ila dawa ikawa haitoshi. Wakafikia hatua ya kuivuna tena kutoka kwenye mkojo wake! Ikaisha, na polisi yule akafa.

Onyo la 1945

Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake, Fleming alitoa mfano wa mume anayeumwa koo, anajinunulia dawa na kumeza kidogo tu. Bakteria hawafi, wanajifunza kuihimili. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anatibiwa kwa dawa ileile, haifanyi kazi, anafariki. Kwa Fleming, mwenye lawama ni yule mume aliyeichezea dawa.

Dawa yaingia bandani

Miaka mitano tu baadaye, 1950, watafiti Marekani walitangaza kuwa kuku wakiwekewa antibayotiki kidogo kwenye chakula wananenepa haraka. Huo ndio wakati Nachingwea ilikuwa ikifyekwa kwa matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi wa karanga ulikufa mwaka 1951. Ule wa dawa kwenye chakula cha mifugo ukaenea duniani.

Dozi ndogo, kila siku, kwa mnyama asiyeumwa: ni kilekile alichokionya Fleming. Umoja wa Ulaya ulikuja kupiga marufuku antibayotiki za kunenepesha mifugo mwaka 2006.

Inamhusu nini mfugaji wa leo?

Bakteria sugu hawabaki bandani. Wanatoka kwa kinyesi, nyama na mikono, wanaingia nyumbani. Siku mtoto akiugua, dawa inaweza kugoma.

Halafu kuna hasara ya bure. Mdondo, ugonjwa unaomaliza kuku kijiji kizima, unaletwa na kirusi. Antibayotiki haiui kirusi, hata umwage pakiti nzima. Kinga yake ni chanjo, na ile ya tone la jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Kwa hiyo kuku wakiugua, muone kwanza ofisa mifugo. Ukipewa dawa, toa dozi kamili na uimalize. Mayai na nyama usile wala usiuze mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.

Fleming alifariki Machi 11, 1955 na kuzikwa katika Kanisa Kuu la St Paul, London. Dawa aliyoiona kwenye kisahani imeokoa mamilioni ya watu. Kama itaendelea kuokoa, hilo linategemea pia kinachomwagwa kwenye maji ya kuku.