Alibatizwa Akiwa Mwanachuo



Niko Mikumi, wilaya ya Kilosa, kwa mwaka wa uchungaji. Vyuo vimefungwa, vijana wamerudi nyumbani. Mmoja wao alinifuata baada ya Misa, akaomba tuongee pembeni. Yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Miaka miwili sasa anasali na wenzake wa TMCS, anaimba kwaya, anaenda nao kwenye mafungo. Lakini hajabatizwa, na wenzake hawajui. Wakati wa Komunyo anajifanya anatafuta wimbo kitabuni.

Anataka kubatizwa. Tatizo ni kwamba darasa la mafundisho la Jumamosi kigangoni kwao limejaa watoto wa shule ya msingi. Akaniuliza, Frateri, hakuna njia fupi, ya kimyakimya?

Nikamjibu kama mtu aliyemaliza digrii ya falsafa juzi. Maneno mengi, yeye uso chini. Usiku ndipo nilipomkumbuka mtu ambaye ningepaswa kuanza naye: Mwalimu Julius Nyerere. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa hamjazaliwa. Tunamjua kwenye noti na kwenye sikukuu ya Oktoba. Leo tumtazame alipokuwa kijana kama sisi.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, akaitwa Kambarage. Baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki mwenye wake wengi. Mama yake aliitwa Mgaya. Nyumbani kwao hapakuwa na Ukristo wa kurithi. Alianza shule akiwa na miaka 12, mwaka 1934, huko Mwisenge, Musoma, na huko ndiko alikoanza kwenda mafundisho ya dini pamoja na rafiki yake wa shule. Hakupelekwa na mzazi, aliongozana na mwenzake.

Mwaka 1937 akaenda sekondari Tabora, shule ya serikali. Dini ilibaki kuwa jambo la mtu kulitafuta mwenyewe, nje ya masomo. Na Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, hawakuwa na haraka. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alitaka mkatekumeni aandaliwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Walitaka mtu aijue imani, aijaribu katika maisha yake, ndipo aamue. Kwa hiyo huyu kijana aliyekuwa anawashinda wengi darasani, kanisani alikuwa bado mwanafunzi wa mwanzo.

Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata Kambarage akaingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Hicho hakikuwa chuo cha Kanisa. Kilikuwa chuo cha serikali ya kikoloni, mahali ambapo wasomi wachache wa Afrika Mashariki walikutana na vitabu vizito na mawazo mapya. Alimsoma John Stuart Mill, na akaandika insha iliyotumia hoja za mwanafalsafa huyo kutetea wanawake wa kabila lake. Ndiyo umri ambao wengi wetu tunaanza kuona imani ni mambo ya bibi kijijini.

Yeye, mwaka huohuo wa kwanza chuoni, alirudi likizo na tarehe 23 Desemba 1943 akabatizwa katika misheni ya Nyegina, karibu na Musoma. Alikuwa na miaka 21. Akapokea jina la Julius, na siku mbili baadaye ikawa Noeli yake ya kwanza akiwa Mkristo.

Hebu tulia hapo kidogo. Mwanachuo wa Makerere, mtoto wa chifu, anainamisha kichwa kumwagiwa maji. Mimi niliyesoma falsafa najua jaribu la kudhani kwamba ukishaielewa hoja basi umeshaamini. Mwalimu alizielewa hoja, na bado akaomba maji.

Na hakuishia kwenye maji. Akiwa Makerere, yeye na wenzake, akina Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walianzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Tibandebage alikuwa Mkatoliki, Mwapachu Mwislamu. Imani yake haikumfungia ndani ya kikundi cha watu wa dini yake tu. Alipomaliza mwaka 1945, shule ya serikali ya Tabora ilimtaka, lakini yeye akachagua St. Mary's, shule ya misheni palepale Tabora. Akafundisha huko pamoja na Tibandebage, na Padre Richard Walsh akamtia moyo aendelee na masomo. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Scotland, akarudi na shahada mwaka 1952. Mwaka 1953 akafunga ndoa na Maria Gabriel, akafundisha Pugu, na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu kwa ajili ya TANU. Mengine mnayajua.

Simsafishi. Wazee wa huku Kilosa wanaokumbuka miaka ya vijiji vya ujamaa watakuambia si kila mtu alihama kwa hiari, na wapo waliowekwa kizuizini bila kesi akiwa Rais. Jimbo la Musoma lilipofungua mchakato wake mwaka 2005, naye akaitwa Mtumishi wa Mungu, halikusema kwamba hakukosea. Linachunguza kama mtu huyu alimtafuta Mungu hadi mwisho. Tunachokijua ni kwamba alikuwa mtu wa Misa ya kila siku, hata Ikulu ikiwa na mambo mengi. Uzeeni alikaa akazigeuza Injili nne kuwa tenzi za Kiswahili. Yale mafundisho aliyoyaanza utotoni na rafiki yake, aliendelea kuyasoma akiwa na mvi.

Hayo yote nilimsimulia yule kijana. Nikamkumbusha pia kwamba hospitali yetu hapa Mikumi ina jina la Mtakatifu Kizito, na Kizito alikuwa mkatekumeni mpaka Karoli Lwanga alipombatiza, siku chache tu kabla ya kuuawa Namugongo mwaka 1886. Kanisa halijawahi kuwaonea aibu wakatekumeni wake.

Jumamosi iliyofuata alikuja. Akakaa benchi la nyuma, magoti yakigusa meza ya watoto. Katekista alipouliza amri ya nne, akakosea. Binti mdogo wa mbele yake akageuka, akamsahihisha, kisha akamsogezea daftari lake wasome wote. Darasa likacheka, na yeye akacheka.

Lakini jambo moja bado linaniuma. Miaka miwili, kwaya nzima, mafungo, vikundi vya WhatsApp, na hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba ndugu yao hajawahi kukomunika. Mwalimu alikuwa na rafiki wa kwenda naye mafundisho. Huyu alikuwa na jumuiya kubwa yenye nyimbo nzuri, ila akakosa mtu wa kumwambia siri yake.

Basi, wapendwa, chuo kikifunguliwa, mwangalie aliye pembeni yako. Usimhoji mbele ya watu. Mwalike chai, mwulize anaendeleaje, halafu nyamaza umsikilize. Na kama wewe ndiye unayetafuta wimbo kitabuni wakati wenzako wanakomunika, hujachelewa. Nenda kamwone katekista. Benchi la nyuma lina nafasi.

Tumwombee kijana wetu afike salama kwenye maji ya ubatizo. Tumsifu Yesu Kristo.