Daktari Aliyelaumiwa kwa Mambo ya Ujiji

Wageni wanaofika Kigoma hupelekwa Ujiji kuutazama mnara ulio chini ya miembe, mahali walipokutana Dokta Livingstone na Stanley mwaka 1871. Nasi wanafunzi wa Mwandiga tumekwisha kwenda. Habari za mabwana hao zimeandikwa sana; basi mimi nitaeleza za mtu wa tatu, ambaye Ujiji hakupata kuiona, lakini ndiko jina lake lilikochafuliwa. Huyo ni Dokta John Kirk.

Alizaliwa Scotland mwaka 1832, akafuzu udaktari Edinburgh mwaka 1854. Tangu 1858 alifuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi, akiwa daktari na mkusanyaji wa mimea. Siku moja mtumbwi wake ulipinduka. Yeye akaokoka, madaftari yake yakaenda na maji.

Mwaka 1866 akaja Unguja kuwa daktari wa ubalozi wa Kiingereza. Balozi alipoondoka, Kirk akashika kazi yake, na tangu hapo siasa ikamshinda dawa.

Kazi yake moja ilikuwa kumpelekea Livingstone nguo na shanga huku bara. Reli haikuwapo, mizigo ilikuja mabegani mwa watu kutoka Bagamoyo, safari ya miezi. Livingstone alipofika Ujiji Oktoba 1871, mgonjwa na amekonda, alikuta mtu aliyekabidhiwa vitu vyake amekwisha kuviuza. Stanley aliporudi Ulaya akamlaumu Kirk hadharani.

Hapa wasomaji mnisamehe, nina neno langu. Mwaka jana nilimpelekea mwenzangu mgonjwa sukari na sabuni kwa mkono wa mtu. Havikufika, na bweni zima likasema nimevila mimi, hata sabuni. Kwa hiyo niliposoma habari za Kirk, moyo wangu ulikuwa upande wake tangu mwanzo. Lakini kweli isemwe: msafara mmoja ulikaa Bagamoyo miezi kadhaa, ng'ambo tu ya Unguja, kabla Kirk hajavuka mwenyewe kuutazama. Mimi pia sikumfuata yule niliyemtuma.

Kazi yake kubwa ilikuja mwaka 1873. Alimkabili Sultani Barghash kwa niaba ya Uingereza: akubali kukomesha biashara ya watumwa baharini, ama sivyo manowari zitaizingira Unguja. Tarehe 5 Juni Sultani akatia sahihi, na soko la watumwa likafungwa. Kwetu hili si jambo la mbali, maana watumwa wengi kutoka Manyema walivushwa ziwa wakapitia Ujiji. Biashara haikufa siku ile. Ilijificha njia za bara, hata mwaka 1876 Sultani akapiga marufuku misafara hiyo pia.

Barghash alikuja kumwamini sana. Kisha mwaka 1885 Wajerumani wakadai nchi za bara, London ikawaridhia, na Kirk yuleyule akaamriwa kumshauri Sultani asipinge. Mimi naona hilo lilikuwa chungu kuliko lawama zote za Ujiji. Mwaka uliofuata akaondoka Unguja. Alifariki Uingereza mwaka 1922, mwenye miaka 89.

Nimebakiza jambo moja. Livingstone alipozikwa London, Aprili 1874, miongoni mwa walioshika jeneza alikuwamo Stanley, na alikuwamo Kirk.