Marehemu Hukwe Zawose, Jirani Yetu wa Bagamoyo

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mnaokalia madawati yetu hivi sasa, safari hii naomba nafasi niandike habari za mtu ambaye hakuwa wa shule yetu, bali alikuwa jirani yetu.

Hukwe Zawose alizaliwa mwaka 1938 kijijini Doduma, Dodoma, katika ukoo wa wafugaji na wapigaji muziki. Aliimba akichunga ng'ombe wa baba yake. Pengine ndiko alikoipata sauti ile, iliyoweza kunguruma chini kabisa na papo hapo kupanda nyembamba kama filimbi. Sifa zake zilimfikia Mwalimu Nyerere, na katika miaka ya 1960 akaitwa Dar es Salaam kuwatumikia wananchi katika kikundi cha taifa. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, alikuwa miongoni mwa walimu wake. Basi Mgogo wa bara akahamia pwani, akajenga, akazaa, akawa mtu wa Bagamoyo.

Hapa yafaa nieleze kidogo juu ya malimba, maana wengi huyaona mchezo wa watoto. Ni sanduku la mbao lenye vyuma bapa vinavyopigwa kwa vidole gumba. Si vyuma vyote hupigwa. Vingine huwekwa viitikie vyenyewe wenzao wanapolia. Matundu ya sanduku huzibwa kwa utando wa buibui, nao ndio huleta mvumo kama wa nyuki mzingani. Marehemu alitengeneza malimba makubwa kuliko ya kawaida, yenye vyuma makumi kadhaa, akayapatanisha kwa sikio tu. Zeze na filimbi pia alivimudu.

Mwaka 1985 sahani yake ya Tanzania Yetu ilitoka Uingereza. Tangu hapo yeye na wenzake walizunguka Ulaya, Marekani na Japani. Mwaka 1996 ikatoka Chibite, yaani twende, aliyoimba pamoja na mpwa wake Charles; baadaye akashirikiana na Michael Brook wa Canada. Watu wasiojua neno moja la Kigogo walijaa kumbini kumsikiliza.

Na sisi je? Nakiri kwa aibu. Miaka ya 1990, nilipokuwa mwanafunzi, tulimwona mzee yule mjini akipita zake, nasi tukaona ni mpiga ngoma wa chuo tu. Fedha zetu ndogo tulinunulia kanda za muziki wa dansi na za Wamarekani. Kanda ya Zawose sikuwahi kuiona dukani hata siku moja. Nilimsikia kwa makini mara ya kwanza nikiwa Chuo Kikuu, katika chumba cha mgeni aliyeniuliza kama Bagamoyo ninaifahamu.

Alifariki Bagamoyo mwishoni mwa Desemba 2003. Muziki wake haukuwa umeandikwa karatasini. Ulikuwa mikononi mwa wanawe, wapwa na wajukuu. Mwanawe Msafiri ameuendeleza kwa namna yake, na mwaka 2017 alitoa Uhamiaji.

Lipo jambo jingine ambalo wasifu nyingi za marehemu hulipita mbio. Kwa Wagogo, ngoma za muheme ni za wanawake. Huzibana mapajani wakazipiga wamesimama, na pasipo wao hakuna muheme. Katika ukoo wa Zawose wanawake waliimba na kupiga miaka yote, lakini mbele walisimama wanaume, na majina yaliyoandikwa kwenye majalada yalikuwa ya wanaume. Mwaka 2024 ikatoka sahani iitwayo Maisha, ya Zawose Queens. Pendo na Leah, binti na mjukuu wa marehemu, ndio wanaoongoza kuimba, na malimba wanapiga wenyewe.