Carl Akeley: safari yake ya mwisho juu ya Mikeno

Siku mawingu yakipunguka, mtu akiwa Goma anaona Nyiragongo karibu kabisa, na nyuma yake, upande wa mashariki, ncha kali ya Mikeno. Watu wa Kibumba na Rugari wanaujua vizuri ule mlima. Kutoka Kibumba kufika Kabara, ule uwanda mdogo ulio kati ya Mikeno na Karisimbi, ni karibu saa 5 za kupanda, zaidi ya mita 1,000 kwenda juu. Kwenda na kurudi siku moja ni kazi ya wenye miguu na pumzi: kwanza mianzi, kisha miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, matope mpaka magotini, majani yanayowasha ngozi, na baridi ambayo watu wa mjini hawaizoei. Hapo Kabara ndipo alizikwa Mmarekani mmoja ambaye jina lake limefungwa na historia ya mbuga ya Virunga: Carl Akeley.

Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 huko Clarendon, jimbo la New York, kwa wazazi wakulima. Hakusoma sana. Kazi aliyoipenda tangu utoto ilikuwa kujaza ngozi za wanyama waliokufa ili waonekane kama wazima. Kabla ya hapo, mafundi walikuwa wanajaza ngozi kwa majani makavu tu, kama godoro. Yeye alifinyanga kwanza mwili wa mnyama, misuli na mifupa yake, kisha akavalisha ngozi juu. Kazi hiyo ikampeleka kwenye majumba ya makumbusho ya Milwaukee, Chicago, na mwisho New York.

Afrika alifika mara ya kwanza mwaka 1896, huko Somalia. Chui akamrukia, na kwa sababu bunduki haikuweza kumsaidia tena, akamuua kwa mikono mitupu. Mwaka 1910, kwenye msitu wa mlima Kenya, tembo alimkandamiza na kumvunja mbavu na uso. Wasaidizi wake walidhani amekwisha kufa. Mke wake wa kwanza, Delia, alipopata habari alipita msituni kwa haraka pamoja na wapagazi mpaka akamfikia, na ndiyo maana akapona. Huyu hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Katikati ya safari hizo alivumbua mashine ya kurusha simenti ukutani, na kamera ya sinema nyepesi iliyoweza kufuata mnyama anayekimbia.

Mwaka 1921 ndipo alikuja kwetu. Alipita kusini, Katanga na ziwa Tanganyika, akavuka ziwa Kivu mpaka Kisenyi, kisha akaenda kwa miguu hadi misheni ya Mapadri Weupe ya Lulenga, chini ya Mikeno. Alikuwa na ruhusa ya kuua sokwe wa milimani, wale ambao wengi hapa wanawaita ngagi, kwa ajili ya makumbusho ya New York. Wazungu walikuwa wamewajua hao wanyama tangu 1902 tu, na tayari walikuwa wanawamaliza. Mwaka huohuo wa 1921, mwana wa mfalme wa Sweden aliua 14.

Akeley na wenzake waliua watano. Lakini kule kwenye mitelemko ya Mikeno kitu kilimgeuka moyoni. Aliwafuata siku nyingi, akapiga filamu ya kwanza kabisa ya sokwe hao wakiwa porini kwao. Zile hadithi za mnyama mkali anayekula watu akaziona ni uongo: hawa walikuwa wanakula majani, wanalinda watoto, wanakimbia mtu. Baadaye alikiri kwamba, bila ile hamu ya sayansi, angejiona kama muuaji.

Aliporudi Marekani alianza kupigania mahali ambapo sokwe hawatauawa tena. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alikuwa ameona mbuga za Marekani mwaka 1919 na wazo lilikuwa limempendeza. Tarehe 21 Aprili 1925, amri ikasainiwa: Mbuga ya Albert, mbuga ya kitaifa ya kwanza Afrika nzima. Ilianza na eneo dogo kuzunguka Mikeno, Karisimbi na Visoke, na mwaka 1929 ikapanuliwa.

Ile amri iliandikwa Ubelgiji. Wakulima na Wambuti waliokuwa wanaishi kwa msitu huo hakuna aliyewauliza. Akeley alifikiria sokwe, hakufikiria sana watu hao. Ugomvi wa mipaka ya mbuga, ambao bado unatoa machozi Rutshuru na Masisi, una mizizi yake humo.

Mwaka 1926 alirudi, safari hii akiwa na mke wake wa pili, Mary Jobe, mchoraji William Leigh, na mtaalamu Mbelgiji Jean-Marie Derscheid. Walipita Kenya na Uganda. Akeley alikuwa na miaka 62 na tayari aliugua njiani. Mtu mgonjwa namna hiyo anapashwa kubaki chini, penye joto. Yeye alitaka kuona tena mahali alipowaona sokwe mara ya kwanza, akapanda. Nguvu zilizomtoa kwa chui na kwa tembo safari hii hazikutosha. Alifika Kabara amechoka kabisa, na siku chache nyuma yake, tarehe 17 Novemba 1926, akafa. Wakamzika hapohapo.

Mary alibaki akamaliza kazi ya safari, na Leigh akachora milima. Leo, kwenye ukumbi wenye jina la Akeley, uliofunguliwa New York mwaka 1936, sokwe wa 1921 wamesimama mbele ya picha kubwa ya volkano za Kivu. Mtoto wa New York anaangalia milima yetu bila kutoka jasho.

Mbuga ilipata jina la Virunga mwaka 1969. Kabara ilipokea watafiti wengine, akiwemo Dian Fossey mwaka 1967. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilionyesha kwamba sokwe wa milimani, hapa, Rwanda na Uganda, wamepita 1,000. Ila walinzi wa Virunga zaidi ya 200 wamekufa kazini, wengi wao watoto wa hapa, na vita vimefunga njia ya Kibumba mara nyingi. Akeley alipanda mara ya mwisho kwa hiari yake. Wao wanapanda kila siku, na majina yao yanastahili kukumbukwa kama lake.