Siti binti Saad: Kutoka Vyungu Hadi Santuri

Wengi wetu hapa Nakuru tukisikia neno taarabu huwaza harusi za Mombasa na akina mama waliojipamba kwa dhahabu. Na tukisikia jina la Siti binti Saad, basi twakumbuka kichwa cha kitabu cha Shaaban Robert, tunakiandika daftarini halafu tunapita. Haya basi, hebu leo tusipite.

Siti alizaliwa mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Babake alikuwa Mnyamwezi na mamake Mzigua, watu wa asili ya bara katika kisiwa kilichojengwa kwa jasho la watumwa. Mtoto akapewa jina Mtumwa. Fikiria tu, unaitwa hivyo asubuhi, unaitwa hivyo jioni! Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja hadi mwaka wa 1897, naye binti alikuwa keshafika miaka 17. Hilo jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alipewa ukubwani.

Shule hakwenda. Mamake alikuwa mfinyanzi, na binti alivibeba vyungu kichwani hadi mjini kuviuza. Ni mwendo unaokaribia ule wa kutoka Njoro hadi hapa Nakuru mjini, tena kwa miguu, na mzigo wenyewe ukianguka umekula hasara. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mimi naona wahenga hao hawakuwahi kuuza vyungu. Hata chungu kizuri hutembezwa, tena hunadiwa. Siti alinadi. Pita soko letu la Wakulima saa sita mchana uwasikilize wauzaji, wengi sauti zimeshakauka. Yake haikukauka, na yasemekana watu walimjua kwa sauti kabla hajatokea. Kumbe ile kazi ya jua kali ndiyo iliyokuwa darasa lake la muziki.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini Zanzibar. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka wa 1905. Bwana huyo aliisikia sauti, akaamua kumfunza kuimba na kupiga ala. Siku hizo taarabu ilikuwa starehe ya wakubwa. Ilikuwa imekuzwa katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, na iliimbwa kwa Kiarabu. Wanaume ndio walioimba. Mtu wa kawaida angesikiliza midundo, maneno yampite.

Siti naye alianza kwa kujifunza nyimbo za Kiarabu, lakini sifa yake ilitokana na kuimba Kiswahili, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Aliungana na akina Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo, Maalim Shaaban na Mbaruk Talsam wa Mombasa. Jioni walikusanyika nyumbani kwake, wakaleta habari za mchana: nani kaonewa, nani kala rushwa, nani kafungwa bure. Kutokana na habari hizo wakatunga nyimbo pamoja. Kuna wenzangu wanaoshikilia kwamba eti mtu asiyejua kusoma hawezi kuitwa mshairi, na kwamba Siti alikuwa mwimbaji tu. Sikubali! Kama ushairi ni kalamu, basi wazee wetu wote waliotunga bila kalamu tuwafute.

Wimbo mmoja wapo unaitwa Kijiti. Mwanamke mjamzito alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea, akaalikwa kwenye karamu yenye pombe. Huko alidhulumiwa na kuuawa na mtu aitwaye Kijiti. Muuaji akatoroka hadi bara. Na mahakama ya wakoloni ilimwadhibu nani? Iliwaadhibu wanawake waliokuwa wameandamana na marehemu, kwa sababu ya ile pombe. Hakuna gazeti ambalo lingewatetea maskini hao, na wengi wao wasingeweza kulisoma hata kama lingekuwapo. Siti aliuimba mkasa huo, na watu wakauimba mitaani. Binti wa mfinyanzi akaiambia mahakama kwamba imekosea, naye hakukanyaga hata ngazi ya mahakama hiyo.

Bila shaka alipata maadui. Walimtungia nyimbo za kumcheka kwamba hana uzuri wa sura na kwamba ametoka shamba na vyungu vyake. Alijibu kwa wimbo vilevile, akisema kwamba sura si kitu mbele ya akili na tabia njema. Wimbo wa kumcheka ungesahaulika zamani kama yeye asingeujibu!

Mwaka wa 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilimsafirisha pamoja na kundi lake hadi Bombay, India, mji ambao sasa unaitwa Mumbai. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia katika kazi hiyo. Si mchezo! Santuri ya siku hizo ilichukua kama dakika 3 kila upande, kwa hivyo wimbo wa kukesha nao ilibidi ukatwekatwe. Maelfu ya santuri ziliuzwa, zikapigwa katika mikahawa ya pwani na bara, na watu ambao hawajawahi kuiona Unguja wakasikia lugha yao wenyewe ikitoka ndani ya kile kisanduku.

Uzeeni alitembelewa na Shaaban Robert, akamsimulia maisha yake. Siti alifariki Julai 1950, kabla wasifu huo haujachapishwa. Wanahabari wanawake wa Tanzania, katika chama chao cha TAMWA kilichoundwa mwaka wa 1987, walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Na mwaka wa 2020 kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo zilezile, Kijiti ukiwemo.